Uzinduzi wa Maktaba Iliyo Nyuma ya Turubai

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Profesa Generosa, Mkaguzi Mwandamizi wa Ithibati za Vyuo, uliyeacha kiyoyozi cha makao makuu ukaja kuvumilia vumbi letu. Waheshimiwa wajumbe wa Baraza la Chuo Kikuu cha Ukanda wa Dhahabu, Kampasi ya Kalangalala, mliopo, mliotuma udhuru, na ambao hamkutuma udhuru lakini mnafahamika. Viongozi wetu wa dini zote, ambao nimewapanga kwa alfabeti ili pasiwe na wa kununa. Wenyeviti wa mitaa, makatibu wao, na wenza wa makatibu wao. Makamanda wa sungusungu, walinzi wa mitaa yetu, ambao naona mmekuja na fimbo ingawa kadi ya mwaliko ilisema mavazi nadhifu. Wadau wa sekta ya madini, wakubwa kwa wadogo. Wazazi mliotoka mbali, akiwemo mama yake Mwanaima, aliyebadilisha mabasi kutoka Kilwa hadi hapa ili amwone mwanawe akivaa joho Jumamosi. Wanataaluma, wanataaluma wasaidizi, na wale wanataaluma ambao mikataba yao tunaishughulikia. Wanahabari, hasa yule mwenye kamera kubwa. Mpishi mkuu wa shughuli. Na mkiani kabisa, kwa kuwa lazima kila kitu kiwe na mkia, wanafunzi. Itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, naomba izingatiwe kwamba ilikusudiwa kuzingatiwa. (Makofi kutoka meza kuu.)

(Sauti ya mwanamke kutoka mstari wa pili: "Baba, hujatusalimia!")

Naam? Nani huyo? Aa, ni mama yake Limi, mzazi wetu kutoka Bugarama. Mama, tulia, salamu zipo, zimo ndani ya itifaki, na itifaki nimekwisha kuitaja. Mkurugenzi akianza kuuliza habari za watoto, za ng'ombe, za mpunga na za mvua kwa kila aliyeketi hapa, Mheshimiwa Mgeni Rasmi atakula chakula cha mchana kesho. Tuendelee. (Minong'ono. Mama Limi anamwambia jirani yake neno kwa Kisukuma, jirani anatikisa kichwa kwa masikitiko.)

Mimi ninayesimama mbele yenu, ingawa wengi mnanifahamu kupitia mabango, ni Stanslaus Boaz Masele, Mkurugenzi wa Kurugenzi ya Stadi za Tamaduni Mtambuka, Maktaba na Masuala Yasiyo na Kurugenzi, Daktari Mtarajiwa wa muda mrefu, mzaliwa wa Mwadui, ambako marehemu baba yangu alishika wadhifa nyeti wa kufungua na kufunga lango, na ambako mimi tangu utotoni nilizoea kuona almasi zikipita karibu yangu bila kusimama. Nimekulia katikati ya watu wa kila kabila, nikacheza mpira na Mngoni, nikafundishwa hesabu na Mchaga, nikapigwa na Mhaya kwa kosa ambalo mpaka leo linachunguzwa, na ndiyo maana siku chuo kilipohitaji mtu wa kuongoza programu ya kuishi na watu wa tamaduni nyingine, nilijitazama kwenye kioo nikaona hakuna haja ya kutangaza nafasi. (Makofi ya mtu mmoja. Ni dereva wake.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, programu tunayoizindua leo, ambayo jina lake kamili ni Programu Jumuishi, Shirikishi na Endelevu ya Kuwajengea Wanafunzi Uwezo wa Stadi za Tamaduni Mtambuka Kupitia Mafunzo ya Matumizi ya Maktaba, na ambayo kwa wenye haraka tunaiita PJSEKWUSTMKMMM, ilitokana na upembuzi yakinifu tulioufanya kwa uchungu mkubwa katika hoteli mbalimbali za kando ya ziwa. Upembuzi huo ulibaini kwamba asilimia mia moja na nne ya wanafunzi wetu wanatoka mahali fulani. (Mshangao wa heshima.) Wapo Wasukuma wa hapahapa, wapo Wazinza na Wasumbwa wa upande wa magharibi, wapo Wakurya, Wamakonde, Waha, wapo waliofuata elimu, na wapo waliofuata dhahabu wakakuta elimu iko njiani. Sasa vijana hawa wanakaa bweni moja na hawajuani, kila mmoja ameletwa hapa na alichoambiwa na mjomba wake kuhusu kabila la mwenzake, na mjomba naye aliambiwa na kondakta. Sisi tukasema, hapana! Tiba ni maktaba! Mwanafunzi aingie maktabani, afundishwe kutafuta taarifa, na katika kutafuta huko afundishwe kumtafuta mwenzake! (Makofi. Profesa Generosa anaandika kitu, anatikisa kichwa kwa kukubali. Mkurugenzi anasubiri amalize kuandika.)

Naona umeandika, Mheshimiwa. Naomba ibaki hivyohivyo.

Nitoe mfano hai, maana mimi si mtu wa nadharia. Mwaka jana, wakati tukiwa bado na maktaba ya mpito, yaani lile sanduku la bati chini ya ngazi za jengo la utawala, lenye kamusi yetu kuanzia A mpaka L, mwanafunzi Marwa kutoka Tarime alimkuta mwanafunzi Limi, binti wa mama huyu anayenidai salamu, akiisoma kamusi hiyo. Marwa, kwa namna wanavyozungumza kwao bila ubaya wowote, akasimama mbele yake, akanyoosha mkono, akasema, "Wewe! Lete hicho kitabu!" Limi ni binti wa Kisukuma. Kwao mtu haanzi kuomba hata chumvi kabla ya kuulizana mmeamkaje, mmelalaje, na ndama wa yule ng'ombe mweupe anaendeleaje. Binti akaona amevamiwa. Akapiga mwano. (Kicheko kikubwa. Makamanda wa sungusungu wanagonga fimbo chini.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuwa wewe ni mtu wa Bukoba, nikueleze. Mwano ni lile yowe la hatari la Usukumani, la mwizi wa ng'ombe, la moto, la mtu aliyepotea. Ukiusikia, unaacha ulichoshika unakimbilia unakotoka, uwe unakula, uwe unaoga, uwe na cheo. Babu yangu mzaa baba aliwahi kuusikia akajifanya amelala. Kijiji kilimtenga msimu mzima, hakupewa moto, hakupewa salamu, mpaka akalipa ng'ombe dume na bado watu wakawa wanamtazama pembeni. Kwa hiyo siku ile ilikuja mitaa yote. Mimi mwenyewe nilitoka kwa kinyozi na nusu ya ndevu. Tulimkuta Marwa amepanda juu ya tangi la maji, anasema, "Jamani, mimi nilitaka kusoma tu!" (Kicheko. Marwa, kijana mrefu viti vya nyuma, anajifunika uso kwa kofia. Limi, aliyekaa ubavuni mwake, anamsukuma bega.) Tukio hilo nililiandikia ripoti kama Kongamano la Wadau, kwa kuwa mahudhurio yalikuwa mazuri, na ndilo lililoharakisha mchakato.

Sasa niseme jambo zito, na naomba wanaokula karanga wasitishe kidogo. Mheshimiwa Mgeni Rasmi hakuja hapa kutembea. Amekuja na sharti, na ameliweka wazi: akiiona kwa macho yake maktaba inayotumika na mafunzo haya yakifanyika ndani yake, wahitimu wetu watarajiwa watavaa majoho Jumamosi, asipoiona, somo hili litahesabika halikufundishwa, na wote watarudia mwaka. Wote! Wazazi mmekwisha kufika. Mbuzi wamekwisha kununuliwa, wengine nimewaona wamefungwa pale getini wakiwa na nyuso za kujua. Mama yake Mwanaima ameshika kanga mpya ambayo hajaikunjua tangu Kilwa. Kwa hiyo leo si siku ya maswali madogomadogo, leo ni siku ya kushikamana. Nikisema Maktaba, nyinyi mseme Mtambuka! Maktaba! (Umati, kwa unyonge: "Mtambuka.") Sijasikia. Maktaba! (Mtu mmoja: "Iko wapi?")

Nani ameuliza? Mwanaima, simama kama unataka kusimama, keti kama unataka kuketi, usininingʼinie katikati. Kama rais wa wanafunzi unatakiwa kujua kwamba maktaba iko nyuma yangu. Iko nyuma ya turubai hili la bluu, Mheshimiwa Profesa, hili lililofungwa kutoka mwembe wa uzio hadi nguzo ya umeme, na ambalo mbele yake unaona utepe mwekundu ambao utaukata kwa mkono wako mtukufu mara tu nitakapomaliza utangulizi. Tumelifunika jengo ili lisizoeleke kabla ya wakati. Ni kama bibi harusi, hatumwoneshi kabla ya mahari. (Mngurumo mkubwa unasikika nyuma ya turubai, meza kuu inatetemeka, chupa za maji zinagongana.)

Msishtuke! Mlio huo si karasha la kusagia mawe, kama ninavyoona baadhi yenu mnataka kumnong'oneza Mgeni Rasmi. Ni mfumo wa kisasa wa kuchakata maarifa. Maarifa magumu lazima yasagwe kwanza. (Mkurugenzi anainua kidole nyuma ya mgongo. Mngurumo unakoma. Kutoka pembeni mwa turubai kinatokeza kichwa cha mwanamume aliyejaa vumbi jeupe, mwenye taa kwenye paji la uso. Anauliza, "Oya, maji yamefika?")

Mnaona? Kiu ya elimu. Huyo ni Bwana Luka, msomaji wetu wa muda mrefu, mzaliwa wa Ushirombo, ambaye awali alikuja kama fundi wa msingi lakini akavutiwa na mazingira akabaki. Taa ile ni kwa ajili ya kusomea, kwa kuwa umeme wetu mnaujua. Bwana Luka, rudi kwenye... rudi kwenye rafu zako, ndugu yangu, tutakuletea maji. (Kicheko kinachosambaa mstari kwa mstari. Profesa Generosa anavua miwani, anaipangusa, anaivaa tena.)

Niingie kwenye maudhui ya mafunzo, Mheshimiwa, maana naona umeanza kutazama turubai kuliko unavyonitazama mimi. Modyuli ya kwanza ni Salamu. Mwanafunzi anapofika kwenye meza ya mkutubi anafundishwa kwamba Msukuma utamwambia mwangaluka, na hiyo ni ya asubuhi tu; jua likishavuka utosi ni mwadila; kwamba mtu wa pwani utamwamkia shikamoo na usimalize haraka, na kwamba aliyefika ndiye anayeanza kusalimu, hata awe nani. (Mama Limi: "Hata awe nani?") Hata awe nani, mama, isipokuwa pale ambapo muda wake ni rasilimali ya taifa. Modyuli ya pili ni Utani, ambapo mwanafunzi anajifunza nani anaruhusiwa kumwita nani mtumwa wake msibani bila kupelekwa polisi. Modyuli ya tatu, ambayo ndiyo roho ya programu, ni Maswali Matatu ambayo mwanafunzi anafundishwa kukiuliza kila kitabu, kila gazeti na kila ujumbe wa simu unaosema habari za kabila la watu wengine. Maswali hayo ni mazito sana. Nimeyasoma mwenyewe. La kwanza ni... Maswali hayo yamo kwenye kiambatanisho, na kiambatanisho kinachapwa.

Kuhusu jengo lenyewe, nisiwe mchoyo wa takwimu. Ujenzi ulianza kwa kasi, na hadi leo haujawahi kusimama hata siku moja, hata sikukuu, hata usiku. Utekelezaji uko asilimia mia tatu na ishirini ya makadirio ya kina. Maktaba za wenzetu zinahesabu ghorofa kwenda juu, na huko juu kuna joto, kuna popo, kuna mabati ya kuezuliwa na upepo. Sisi tumethubutu kwenda upande mwingine. Mahudhurio ni mchana na usiku kwa zamu, jambo ambalo sijaliona hata katika nchi zilizoendelea, na mimi nchi zilizoendelea nimezisoma. Ajira za vijana zimezalishwa. Mama lishe wamepata wateja. Hata mwanafunzi Mwanaima anakaanga vitumbua pale mlangoni na... (Mwanaima: "Mlango gani, Mkurugenzi?") ...pale karibu na eneo la kuingilia.

(Mwanaima amesimama. "Mkurugenzi, mama yangu ameuza mnazi wake wa uani aje aone nikihitimu. Tunaomba ulifungue hilo turubai, Mgeni Rasmi aone kilichopo, atuhukumu kwa hicho.")

Binti yangu, hebu nikuambie kitu kwa upendo. Turubai halifunguliwi kwa hisia, linafunguliwa kwa ratiba. Baada ya utangulizi wangu kuna neno la utangulizi la Kaimu wangu, kisha ngoma, kisha chakula, na ikiwa baada ya chakula Mheshimiwa Profesa atakuwa amechoka, tumemwandalia picha nzuri sana ya maktaba kwenye bango, ambapo ataweza kukata utepe akiwa ameketi. Ni teknolojia. Sasa keti, na mtu yeyote asisogee upande wa turubai, kwa sababu rangi bado mbichi. Kama nilivyokuwa nikisema, mimi binafsi, kwa unyenyekevu nilionao, ambao watu wamenisifia...

(Kutoka viti vya nyuma linapanda yowe refu, jembamba, linalokatwakatwa kwa kiganja mdomoni. Vichwa vinageuka. Ni Mwanaima. Anapiga mwano.)

Mwanaima! Acha! Wewe ni mtu wa Kilwa, huo si wako! Jamani, msiinuke, huyu hana mamlaka ya... Kamanda! Keti, Kamanda! (Sungusungu wamekwisha kuruka viti na fimbo zao. Limi anaudaka mwano, Mama Limi naye, kisha mstari wote wa pili. Mitaa ya jirani inaitikia. Umati unamiminika kuelekea anakokimbilia Mwanaima, na Mwanaima anakimbilia kwenye turubai.) Mheshimiwa Profesa, usikimbie, una viatu virefu! Dereva, mzuie! Dereva, wewe nawe unakwenda wapi? Mimi nabaki hapa! Mimi ni mkurugenzi, mimi nina hotuba, mimi... samahanini, miguu yangu imeinuka bila kibali. (Anakimbia na kipaza sauti mkononi. Inasikika pumzi yake. Turubai linavutwa, kamba zinakatika, utepe mwekundu unakwenda nalo.)

(Nyuma ya turubai kuna shimo. Ni duara la kuchimbia dhahabu, limekingwa kwa magogo, lina ngazi ya miti inayopotelea gizani na kamba nene juu ya roda. Pembeni kuna karasha, na ubao: ENEO LA MSINGI WA MAKTABA. Wachimbaji wanapanda ngazi mbiombio kwa sababu nao wameusikia mwano. Luka anatoka wa kwanza. "Nani amefukiwa? Nani kapiga mwano?")

(Mwanaima: "Mimi. Hakuna aliyefukiwa. Tumepotelewa na maktaba, ndugu zangu. Tunaomba mtusaidie kuitafuta.")

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba nitoe ufafanuzi kabla hujavuta picha mbaya. (Profesa Generosa: "Mkurugenzi, hiki ni nini?") Ni msingi, Mheshimiwa. (Profesa: "Msingi gani una ngazi?") Msingi ulioendelezwa. Ilikuwa hivi: tulimpa Bwana Luka kazi ya kuchimba msingi, akachimba vizuri tu, na siku hiyohiyo jioni akatoa jiwe lenye kumeta, na wewe mwenyewe unajua Geita jiwe likimeta hakuna mtu atakayelifunika kwa zege ili aweke kamusi juu yake. Nilikuja kuwazuia. Nilikuja na barua. Nilipofika walikuwa wamekwisha kuzama kimo cha mtu, na ile barua yangu ikaanguka humo ndani, na kwa kuwa ndiyo ilikuwa nakala pekee, mchakato ukakosa pa kushikia. Baada ya hapo kila mwezi nikawa nasema mwezi ujao nitasema. (Kicheko, lakini cha huruma kidogo.)

(Profesa Generosa hacheki. Anamgeukia Mwanaima. "Mwanangu, wewe wa Kilwa, nani kakufundisha kupiga mwano?")

(Mwanaima: "Limi, Profesa. Ratiba ilisema kila Jumatano tuje hapa kwa kipindi cha maktaba. Tukaja. Maktaba haikuwepo, sisi tulikuwepo, na anayekosa kipindi anafukuzwa chuo. Basi tukakaa hapa kwenye udongo. Mimi nikaleta jiko la vitumbua. Marwa akachoka kukaa, akaanza kuwasaidia akina Luka kuvuta kamba, akajifunza Kisumbwa chote cha kuvutia kamba, hata matusi.")

(Limi: "Shikamoo, Profesa. Huyu Marwa siku moja alitusomea kwenye simu yake kwamba sisi Wasukuma tukikutana na mgeni tunamwogopa. Nikamuuliza, nani kaandika? Alifika kwetu lini? Alimwuliza nani? Akakosa jibu. Halafu na yeye akaniuliza hayohayo kuhusu niliyoyasikia ya Wakurya, nikakosa jibu mimi. Tangu siku hiyo kila mtu akileta habari ya watu tunamuuliza hivyohivyo. Mpaka akina Luka kule chini wanaulizana.")

(Luka: "Kweli kabisa, mama. Siku hizi ukileta umbea shimoni unaulizwa umetoa wapi. Umbea umekuwa kazi ngumu kuliko mwamba.")

Mheshimiwa! Mheshimiwa, umesikia? Hayo ndiyo Maswali Matatu! Hayohayo ya kiambatanisho! Nani kaandika, alifika lini, alimwuliza nani! Nilijua nimeyasoma mahali! Wanafunzi wangu hawa, mafunzo haya... (Profesa Generosa anainua mkono. Mkurugenzi ananyamaza, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.)

(Profesa Generosa: "Watoto hawa nitawahoji hapahapa, kwenye mdomo wa shimo, mmoja mmoja. Atakayejibu kama hawa wawili atavaa joho lake Jumamosi, na nitatia saini mwenyewe. Habari ya chuo hiki nitaiandika nikifika ofisini. Atakayerudia mwaka, Mkurugenzi, ni wewe. Jumatano, kipindi cha maktaba. Utakaa pale kwenye udongo.")

(Vigelegele. Mama yake Mwanaima anaikunjua kanga, anaitupa juu ya mabega ya mwanawe, anaanza kulia. Mama Limi anamshika kiuno, wanacheza, mmoja anaimba Kisukuma, mwingine anaitikia Kipwani, hakuna anayejua mwenzake anasema nini. Marwa amenyanyuliwa juu na wachimbaji. Kipaza sauti bado kinafanya kazi.)

Waheshimiwa... Waheshimiwa, naomba utulivu kidogo, sijashukuru. Hotuba bila shukrani haijaisha, na mimi sijawahi kuacha kitu bila kukimaliza, ukiondoa hiki. Napokea uamuzi wa Mheshimiwa Mgeni Rasmi kwa mikono miwili, na ninajivunia kuwa mwanafunzi wa kwanza kuandikishwa rasmi katika Programu Jumuishi, Shirikishi na Endelevu, ambayo hadi asubuhi ya leo ilikuwa haina mwalimu, haina kitabu, haina mlango, na kwa kusema ukweli, kwa kuwa sasa hakuna turubai, haikuwepo. Nawashukuru wachimbaji kwa kuzima karasha nilipoinua kidole. Naishukuru shule jirani iliyotuazima vile vitabu vilivyopangwa pale meza kuu. Mkuu wa shule yupo pale na toroli, tafadhali msivikalie. Namshukuru mchoraji wa zile rafu za kwenye bango la kitambaa, zilionekana za kweli kabisa mpaka upepo ulipovuma. Picha ya maktaba iliyo kwenye kadi za mwaliko ni ya nchi fulani ambayo nayo naishukuru. Naushukuru utepe, maana katika mradi huu wote ndicho kitu pekee tulichokinunua, na naona umekwisha kuingia shimoni.

Maktaba! (Umati, kwa nguvu zote: "Chini!") Maktaba! ("Chini!") Tamaduni! ("Tupo!") Mkurugenzi! (Luka: "Jumatano!") Haya, Jumatano, nimesikia.

Mwisho kabisa, mama yake Limi, usiondoke. Uliniambia jambo mwanzoni kabisa nikakujibu vibaya. Mama yangu mzazi angenisikia leo angenichapa mbele ya Profesa. Mimi ndiye niliyewakuta mmeketi, mimi ndiye niliyetakiwa kuanza. (Anashusha kipaza sauti. Anavua kofia. Anainama kidogo mbele ya Mama Limi, halafu mbele ya umati wote.)

Mwangaluka.

(Mama Limi anatazama juu. Jua limekwisha kuvuka utosi zamani, vivuli vya watu vimelalia upande wa pili wa shimo. Anamcheka kwa upole, anampa mkono, na umati mzima unamjibu kwa pamoja, Wakurya na Wasumbwa na watu wa Kilwa: "Mwadila!")